Gari langu limeshuka bei likiwa limelala

Tangu Ijumaa jioni nina hasara ya milioni tatu, na wala sikutoka nyumbani. Sikucheza kamari, sikukopa kausha damu, sikumwazima shemeji. Nilikuwa nimekaa barazani hapa Nkuhungu, Dodoma, nakunywa chai ya rangi, gari langu liko chini ya mwarobaini, limezimwa, linadondokewa na majani. Ndipo jirani akaingia na Swift Sport mpya.

Nasema mpya kwa sababu ndivyo mtaa mzima unavyosema. Lile gari Suzuki walilitoa Japani Septemba 2017. Mtoto aliyezaliwa mwezi huo leo anajua kuzidisha na anajibizana na wakubwa. Lakini kwetu gari halizaliwi kiwandani, linazaliwa siku linaposhuka melini Dar es Salaam, na siku hiyo hiyo ndugu zake wote waliotangulia wanazeeka. Langu ni la 2012, Swift Sport hilo hilo, umbo lililotangulia. Nilipoanza kikombe kile cha chai lilikuwa kijana. Nilipomaliza lilikuwa babu.

Halafu kuna mambo ya namba za usajili, ambazo herufi yake husogea kadiri magari yanavyozidi kusajiliwa. Langu ni D, la jirani ni E. Siku hizi hapa mjini ukitaka kumdhalilisha mtu mzima humtukani, unamuuliza tu kwa upole, "Kumbe bado uko D?"

Kwa heshima zote nilivuka uzio kwenda kumpongeza. Jirani akagonga boneti na vidole viwili, akaniambia, "Hii ina turbo, kaka," kwa sauti ile ya mzazi anayekwambia mwanawe kapata ufadhili Ulaya. Nikarudi ndani nikapiga hesabu kitandani. Langu halina turbo, ile feni ya kusukumia hewa zaidi kwenye injini. Injini yake cc 1,586, nguvu farasi 136. Lake cc 1,371 na hiyo turbo yake, farasi 140. Farasi wanne! Milioni tatu gawanya kwa farasi wanne, na hata kukanyaga uwanjani kwangu hawakanyagi. Kwa hela hiyo si ningenunua punda wa kweli, anisaidie na madumu ya maji?

Nauza kwa nini? Januari hiyo mlangoni. Tusiulizane maswali ya kitoto.

Nilikuwa nimelitangaza milioni 13, "mazungumzo yapo". Hayo maneno mawili ndiyo yaliyoniponza. Mmoja alipiga simu akauliza, "Gari bado ipo?" nikasema ipo, akakata, na kila siku saa nne usiku anapiga tena kuhakikisha. Mwingine alitaka tubadilishane na kiwanja Ihumwa, chenye mgogoro "kidogo tu". Kijana wa chuo akaomba apige picha amekaa kwenye usukani, kisha akaniuliza kama nina miwani nimwazime.

Lakini Jumamosi alikuja mteja.

Mteja mwenyewe ni mkulima wa zabibu, mtu mzima, mpole, koti safi. Shida ni kwamba hakuja peke yake. Alikuja na dalali, fundi, kijana mwenye simu, na shangazi yake. Mimi nilikuwa nimechomekea shati. Nikawapokea kwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, ili waone nami ni mtu wa hapa, nikawatolea viti, mke wangu akaleta maji ya kunywa, yale ya madumu mawili ya mwisho.

Fundi hakukaa. Akafungua boneti, akachomoa stiki ya oili, akainusa huku kafumba macho. Akaagiza niwashe. Kisha akatoa bisibisi ndefu, akaweka ncha juu ya injini na mpini sikioni, akatulia kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa mwenye deni. Wote tukanyamaza. Hata kuku walinyamaza.

"Inasemaje?" akauliza shangazi.

"Inalalamika kidogo."

Sasa ndani ya uzio huu ni nani asiyelalamika? Lakini nikajizuia.

Shangazi akataka kujaribu siti ya nyuma. Kuingia aliingia. Kutoka ndiko kulikohitaji watu wawili na mtandio kuchanika. Alipopata pumzi akauliza kreti ngapi za zabibu zinaingia. Nikamweleza kwa adabu kwamba hili si gari la mizigo, shangazi, hili ni la sport.

"Sport ndiyo nini?"

"Ni gari linalokwenda mbio."

"Mbio kwenda wapi?"

Ndugu zangu, nina gari hili mwaka wa nne na swali hilo sijawahi kuulizwa. Kwenda wapi? Mjini ni hamsini, penye shule ni tuta, baada ya tuta ni trafiki, baada ya trafiki ni tuta lake yeye trafiki. Lina gia sita za mkono. Hiyo ya sita nimeitia mara mbili tangu ninunue: mara ya kwanza barabara ya Singida, kuona kama ipo. Mara ya pili alinionesha afande, kwa elfu 30.

Tukaenda kulijaribu, watu watano ndani, shangazi mbele. Dalali alibaki kulinda viti. Kwenye tuta la kwanza tumbo la gari likakwaruza, krrrrr, ule mlio unaousikia kwenye meno. Hakuna aliyesema kitu mpaka tuta la pili likakwaruza tena. Shangazi akaweka mkono juu ya dashibodi, akalipapasa taratibu. "Pole, mwanangu," akaliambia gari.

Kurudi nyumbani, kijana mwenye simu ndiyo akafungua kesi. "Mzee, ile mpya ina turbo, halafu nyepesi, kilo 970. Hii inazidi elfu moja. Halafu ile kuna automatiki." Kila akitaja kitu, mkulima ananitazama kwa huruma kama aliyeletewa taarifa ya msiba wangu. Dalali, ambaye kamisheni yake naitoa mimi, akadakia, "Ni kweli bosi, ile ikishaingia mjini, hizi zinashuka." Akaonesha na mkono jinsi zinavyoshuka. Aliushusha mpaka magotini.

Nikaona nitumie akili. Nikawaambia, kwanza, ukiagiza gari la umri kama wa langu leo, ushuru wa uchakavu ni asilimia 30 maana limepita miaka kumi. La jirani limepita minane tu, uchakavu wake ni asilimia 15. Kwa hiyo langu, lililokwisha kulipiwa kila kitu, ni la kuokota.

Mkulima akafikiri. "Kwa hiyo hata serikali inasema limechakaa?"

Nikaruka hapo. Nikasema, pili, injini kama hii bila turbo Suzuki hawaiweki tena kwenye Sport, na kule Japani wapo wanaoipenda hivi hivi.

"Basi wauzie Wajapani," akasema shangazi.

Nilitakiwa kuishia pale, mtu mzima na heshima zake. Lakini uso ulishapata moto. Nikasema kwa sauti kubwa, ili hata ng'ambo ya uzio wasikie, kwamba hilo la turbo mnalolisifia nalo limekwisha, mwishoni mwa 2024 Suzuki wenyewe wametangaza toleo la kuagia, wameliita Final Edition, kwa hiyo hata wenye E wasijione, zamu yao ipo njiani!

Ng'ambo ya uzio nikasikia mtu ameacha kufagia.

Kijana akainua macho kutoka kwenye simu. "Kumbe kuna nyingine inakuja? Mzee, basi si tusubiri hiyo?"

Kwa sentensi moja nilikuwa nimeshusha bei ya gari la jirani, nimeshusha tena la kwangu, na nimemfundisha mteja kusubiri. Dalali alinitazama kama mtu aliyemwaga mafuta ya taa kwenye ugali.

Mwisho wa yote mkulima akaniita pembeni, akanishika bega. Akasema kwa kuwa amenipenda, na kwa kuwa mke wangu ni mkarimu, atatoa milioni sita. Tatu sasa, tatu zabibu zikivunwa. Nikamuuliza zabibu zitavunwa lini. Akatazama mawinguni, na mimi nikatazama. Mawingu hayakuwepo. Akasema, "Itategemea na bei." Fundi akadai elfu kumi ya kulikagua gari langu mwenyewe, na nimetoa, sijui kwa nini nimetoa. Dalali akachukua elfu tano ya nauli ingawa alikuja kwa miguu.

Nawatazama wenzangu wanaotoka mnadani Msalato siku hiyo hiyo ya Jumamosi, mtu kauza beberu, kaweka noti mfukoni, anakwenda zake. Hakuna aliyemwambia kwamba limetoka beberu jipya lenye turbo. Na beberu anapita kwenye tuta bila kukwaruza chochote. Mke wangu anasema tungenunua mbuzi mwaka ule badala ya kuendekeza milio ya mabomba ya moshi, leo wangekuwa thelathini. Nimemwambia asipige hesabu za mbuzi mbele ya watoto.

Jirani tangu juzi salamu yake ni ya kichwa tu. Jana usiku nimemsikia anawasha gari lake saa tano, anazima, anawasha, anazima. Leo asubuhi nimemkuta kaliegesha karibu na barabara, kioo cha nyuma kimebandikwa karatasi yenye namba ya simu na yale maneno mawili. Nikampigia kwa laini nyingine, nikakaza sauti kidogo, nikamuuliza kama gari bado ipo.

Kuna mwingine anasema anatoka Singida kesho kuliangalia langu. Kauliza kama napokea alizeti. Nimemwambia aje tu, tutazungumza, ila asije na shangazi. Ngoja kwanza, bomba hilo linakohoa uani, maji yanakuja. Tangu Jumanne! Nani kachukua ndoo ya bluu? Mama, ndoo ya bluu iko wapi?