Mgonjwa wa Pili Ndiye Anayetufundisha

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake Hugh Trowell aje kumwangalia mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba juu na chini, kulia na kushoto, na meno yake yamelegea. Uvimbe wa upande mmoja angeweza kuueleza, lakini wa pande zote nne kwa wakati mmoja ulimshinda. Akampiga picha na kuandika alichokiona. Wiki chache baadaye alikwenda kutembelea hospitali ya Jinja, na alipotupa macho dirishani akamwona mtoto mwingine ameketi kwenye majani na mama yake, uso umevimba vilevile.

Wanaosimulia kisa hiki husifu jicho la Burkitt, ambaye kwa kweli alikuwa na jicho moja tu, kwani la pili alilipoteza utotoni. Mimi nasifu zaidi alichokifanya aliporudi Mulago: alikwenda kufungua mafaili. Humo aliwakuta watoto wengine wengi ambao saratani zao zilikuwa zimepewa majina tofauti kulingana na kiungo kilichovimba, huyu ana ugonjwa wa taya, yule wa figo, na mwingine wa tumbo, ilhali wote waliugua kitu kimoja. Hata Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameacha kumbukumbu za watoto wenye uvimbe wa aina hiyo. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa umeonwa na kuandikwa kwa miongo kadhaa kabla ya mtu kuziweka karatasi hizo pamoja.

Burkitt alichapisha matokeo yake mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walinunua gari kuukuu na kusafiri takriban kilomita 16,000 kwa wiki kumi, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakiingia hospitali hadi hospitali na kuonyesha picha zile: je, mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Majibu yalipowekwa kwenye ramani, ugonjwa ulionekana kukaa kwenye maeneo ya joto na mvua na kuikwepa nyanda ya juu yenye baridi, karibu sawasawa na malaria kali. Mwaka huohuo mtafiti Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akihutubia London, akaomba atumiwe vipande vya uvimbe kwa ndege, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya chembechembe hizo, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba saratani hiyo iliitikia dawa vizuri kiasi kwamba baadhi ya watoto walipona kabisa kwa dozi chache.

Nayasema haya kwa sababu mimi ni afisa tabibu, na sipendi namna tunavyozichukulia kesi za ajabu. Tunazisimulia kwenye chai. Tunapiga picha na kuzitupa kwenye makundi ya WhatsApp, mara nyingi bila kumwomba mgonjwa ruhusa, jambo ambalo ni kumvunjia heshima mtu aliyetuamini. Kisha siku tatu baadaye picha imezama chini ya salamu na matangazo ya misiba, wala hakuna anayeweza kuitafuta.

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali ya wilaya ambayo sitaitaja, nilimhudumia mama mmoja wa umri wa miaka thelathini hivi aliyekuwa akija kila baada ya wiki chache kwa uchovu, kizunguzungu na kutapika. Tulimtibu malaria, tukamtibu taifodi, tukamwekea dripu akapata nafuu, akarudi nyumbani. Safari ya nne alikuja siku ambayo daktari bingwa alikuwa ametutembelea. Bingwa hakuanza na vipimo. Alimwomba afungue viganja, na mistari ya viganja ilikuwa myeusi kama iliyochorwa kwa kalamu. Akamwomba afunue midomo, na fizi zilikuwa na madoa ya rangi ileile. Akamuuliza anapenda kula nini. Mama akainamisha kichwa, akasema kwa aibu kwamba huwa analamba chumvi kutoka kiganjani. Tezi zilizo juu ya figo zake zilikuwa zimeacha kufanya kazi, ugonjwa ambao Thomas Addison aliueleza mwaka 1855 na ambao kifua kikuu ni mojawapo ya sababu zake. Viganja vile nilikuwa nimevishika mara tatu nikitafuta mshipa wa kuwekea sindano.

Bingwa akauliza swali lilelile la Burkitt: mmewahi kuwa na mwingine kama huyu? Hatukuwa na pa kutazama. Historia za wagonjwa wetu wa nje zilikuwa kwenye madaftari ya shule wanayonunua getini na kuondoka nayo, na daftari likijaa au likilowa mvua, historia imekwisha.

Hasara ya namna hiyo haibaki kwa mgonjwa mmoja. Katika miaka ya 1960, huko Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall aliwaona watoto ambao vichwa vyao vilikuwa vikiinama na kuinuka kama vya wanaosinzia, akayaandika maelezo yao katika kliniki yake ya kifafa. Miongo kadhaa baadaye, watoto wengi wa kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini walipoanza kuinamisha vichwa hivyohivyo, maandishi ya Mahenge yalikuwepo, na watafiti wakapata pa kulinganishia. Leo ugonjwa huo unahusishwa na minyoo ya usubi, ambayo dawa yake tunaijua.

Baada ya yule mama nilinunua kaunta buku kwa fedha yangu. Kila safu ina umri, kijiji, dalili iliyotushangaza, tulichodhani na kilichothibitika, bila jina la mgonjwa, ila namba tu. Nilipohama nililiacha kwenye kabati la wodi. Mwezi uliopita tabibu kijana aliyepokea nafasi yangu alinipigia simu: amempata kijana wa kiume, mvuvi, fizi nyeusi, shinikizo la damu liko chini, na kwenye safu ya kwanza amemkuta yule mama.