Dakika 120 za kijani nazipatia wapi yakhe

Ati watafiti Uingereza mwaka 2019 waliwaangalia watu karibu elfu 20 wakaona yule anaetoka akakaa kwenye miti na majani walau dakika 120 kwa wiki ndo anaesema mwili wake mzima na roho yake imetulia, kuliko yule asietoka kabisa. Haya. Mie stresi ninazo, ya ada, ya umeme, ya mwenye nyumba, za kumgaia jirani pia zipo, sasa hizo dakika nikazipatie wapi hapa mjini Unguja?

Mtaani kwetu Ng'ambo tulikuwa na mti wa mkungu, chini yake bao, kahawa na mzee mmoja anaejua siasa za dunia nzima. Kaja mtu na gari yake, mkungu ati unamwagia majani kwenye kioo, ukakatwa pakamwagwa zege. Sasa gari inashinda juani inaiva kama muhogo, na mwenyewe ndo wa kwanza kulalamika siti inamuunguza makalio! Siku ile nilicheka, wallahi stresi ilishuka bila ya mti.

Haya twende Forodhani, bustani ishatengenezwa tokea 2009, nyasi, miti, bahari mbele, sikatai pazuri. Lakini jioni pale huendi kupumzika unaenda kujaribiwa, moshi wa mishikaki machoni, huku miwa inakamuliwa, watoto wananivuta kanzu wanataka kila kinachokaangwa, papasi nae, wale wanaowaandama watalii, kanianza kwa Kitaliano, mie mtu wa Kikwajuni!

Kule Philadelphia Marekani walichukua viwanja vitupu vilojaa taka wakavizoa wakapanda nyasi na miti michache tu, utafiti ukatoka 2018, majirani waliokuwa wakijihisi wanyonge wakapungua kwa zaidi ya asilimia 40 ukilinganisha na palipoachwa vilevile. Na wala si kazi ya mamilioni. Ila kwetu kiwanja kitupu kikilala wiki mbili kishaota kibanda cha chipsi, na mie mwenyewe nishakaa foleni nnadai kachumbari iongezwe.

Nikamueleza mama watoto haya yote, kwa utaratibu kabisa. Akasema si unataka kijani, mchicha uko uwani haujachumwa. Nikamuuliza, hao Waingereza walotulia roho walikuwa wanachambua mchicha? Akanipa na nazi nikune.