Namba tisa yuko mlimani

Mimi sina ugomvi na Mlima Kilimanjaro. Umekaa pale tangu zamani, unatuletea mvua, unatuletea wageni wenye dola, sawa. Ninachokataa ni mlima kutupangia kikosi.

Timu yetu ya hapa Pasua, Moshi, inacheza Daraja la Tatu ngazi ya mkoa. Na tuelewane mapema, mangi: kutoka hapa, ukishakuwa bingwa wa mkoa unakwenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, ukipenya huko unaingia First League, halafu Championship, halafu ndiyo Ligi Kuu, ukapigwe tano na Simba au Yanga mbele ya kamera. Njia ni ndefu. Na sisi tumeianza na namba tisa ambaye ni mgumu, anabebea watalii mizigo. Namba sita naye mgumu. Winga wa kushoto alikuwa muuza mitumba pale soko la Memorial, tukampenda kwa sababu anapatikana, mwaka jana naye kasikia tipu zinavyolipa, kanunua buti, kapanda.

Sasa hesabu mwenyewe. Wageni wanajaa kuanzia Julai, Agosti, Septemba, wanarudi tena Desemba mpaka Februari. Safari ya kupanda kwa njia ya Machame ni siku sita au saba. Mtu akiondoka Jumatatu, Jumamosi ya mechi yetu yuko kambi ya Barafu, mita 4,600 na kitu juu ya bahari, amebeba kilo 20 za mzungu ambaye kazi yake ni kutembea tu. Kocha anapanga kikosi anaangalia mlima. Ukiwa wazi, anaguna. Ukifunikwa na mawingu, anaguna vilevile.

Na usifikiri akishuka ndiyo tumepona. Anashuka magoti yamekwisha. Tulimwingiza mara moja siku ya pili yake, akapewa pasi nzuri ya kupenyeza, akaifuata polepole, pole pole, kama bado ana mgeni nyuma yake. Mpira ukatoka nje, yeye akasimama kuangalia mandhari.

Halafu inakuja masika. Aprili na Mei mlima hauna wageni, wagumu wote wako mtaani, benchi limejaa mpaka tunakosa bukta. Namba tisa wawili, winga watatu, kocha anatabasamu mwenyewe. Uwanja sasa! Uwanja wetu wakati wa masika unaweza kupanda mpunga na ukavuna. Mechi inaahirishwa, inaahirishwa tena, tukija kukubaliwa kucheza jua limetoka, na Julai imefika.

Wanaokaa mjini nao usiwaone. Beki wa kulia ni fundi wa kuchomelea Majengo, akipata kazi ya geti haji. Kipa ana toyo, pikipiki ya abiria. Hiyo toyo anaiegesha nyuma ya goli lake, na simu haizimi, kwa sababu ana abiria wake wa kudumu. Kipindi cha mapumziko, wenzake wanapewa maji na maneno makali, yeye anawasha anampeleka mama mmoja Njoro. Mara nyingi anawahi kurudi. Siku asiporudi kwa wakati, refa anatuuliza kipa yuko wapi, na mimi ndiye wa kujibu.

Kwa nini mimi? Kwa sababu duka langu ndilo makao makuu ya klabu. Nani alipitisha, sijui. Nilishtukia jezi ziko stoo kwangu, kati ya kiroba cha unga na boksi la dagaa. Mipira miwili iko juu ya friji. Leseni za wachezaji ziko kwenye droo ya vocha, mke wangu kaziwekea mpira wa manila kabisa. Wapinzani kutoka Hai waliwahi kumlalamikia kamisaa wa mechi kwamba jezi zetu zinanuka. Kamisaa akasogea, akanusa, akaandika. Kwenye ripoti sijui aliandikaje, lakini siku hiyo mabeki wao hawakutukaba kwa karibu, tukashinda mbili bila. Tangu hapo kocha hataki zifuliwe sana.

Mashabiki? Wapo. Wanakuja wamevaa Yanga. Mtu anazaliwa Pasua, anasoma Pasua, anakopa sukari dukani kwangu Pasua, anakuja kutuangalia kavaa jezi ya timu ya Kariakoo, tena saa kumi na moja anaondoka kuwahi kibanda umiza kuna Arsenal. Wazee wakikaa wanakusimulia timu ya Ushirika ya miaka ya 1990 mpaka machozi. Polisi Tanzania ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019 na kufanya Uwanja wa Ushirika kuwa nyumbani, nikasema sasa mji utaamka. Uliamka kweli, siku wanazokuja Simba na Yanga. Mji mzima ulikwenda kumshangilia mgeni. Mwaka 2023 Polisi wakashuka, watu wakarudi kwenye luninga bila hata kutoa pole.

Na sasa wanakuja kuniambia habari za AFCON 2027, uwanja wa watu 30,000 unajengwa Arusha, kilomita 80 tu kutoka hapa. Nafurahi, mimi ni Mtanzania. Ila uwanja wetu sisi una njia ya watu inayokata katikati, na njia ina haki yake. Mama akipita na ndoo kichwani refa anasimamisha mpira. Mbuzi wakipita refa hasimamishi, nadhani kwa sababu wale wanaangalia wanakokwenda.

Wafadhili wetu ni wa msimu pia. Desemba, Wachaga wote wa Dar wakirudi kula Krismasi, mji unajaa magari hata pa kuvuka hakuna. Hapo ndipo klabu inatajirika. Shemeji mmoja anaahidi jezi seti mbili, mwingine anaahidi basi, mwenye kata ya tatu ya mbege anaahidi kocha kutoka Ulaya. "Januari nikumbushe." Januari unamkumbusha, simu inaita mpaka inachoka. Wakati huohuo wachezaji wangu wachache walio mjini wamenitoroka, wako migombani wanacheza bonanza la ukoo, zawadi mbuzi. Mbuzi anaonekana, wanasema. Pointi tatu za ligi hazina supu.

Zamu hii ratiba imetupeleka Same. Kilomita mia na ushee, jua lile, upepo ule. Kila mtu alitakiwa kuchanga elfu tano za kifodi, kile kibasi kidogo. Waliochanga ni kocha, mimi, na mimi tena kwa niaba ya beki wa kulia. Nimehesabu wachezaji wa uhakika: nane. Sheria inasema mechi haianzi kama timu ina watu chini ya saba, kwa hiyo kwenye karatasi tuko vizuri, tena tuna ziada ya mmoja. Tusipotokea ni pointi tatu na mabao matatu tunawapa watu wakiwa wamekaa.

Jana usiku namba tisa katuma ujumbe wa sauti, upepo unavuma huko mpaka unamsikia anatetemeka: "Mangi, nipangeni. Jumamosi saa sita mchana nakuwa geti la Mweka." Kifodi kinaondoka saa nne asubuhi. Nikamwambia kocha, huyu tumsamehe. Kocha hataki, kesharogwa na mabao aliyofunga mwaka juzi.

Basi kipa akajitolea. Yeye atabaki na toyo yake, atamsubiri Mweka, atampakia, watatukuta Same.

"Sasa sisi tunaanza na kipa gani?" nikamuuliza.

"Bro, anzeni tu. Kipindi cha pili nitakuwa nimefika."

Kocha kakubali. Na ya mafuta wamesema niwatumie mimi kwenye simu, pamoja na ya kutolea.