Bando kuisha muda: wizi au bei?

"MB nimezinunua mwenyewe, kwa nini zife saa sita usiku?" Watumiaji wa simu Tanzania hulalamika hivyo kila siku, na hoja yao ina nguvu: MB si maziwa hata ziharibike.

Ila kampuni haina ghala la MB. Inacholipia ni mnara, umeme, masafa ya redio na mkongo wa intaneti, mteja awe hewani au amelala. Jioni mnara hufurika, alfajiri huwa mtupu. Bando la usiku huwa nafuu kwa kuwa linajaza nafasi ambayo ingepotea bure. Tena, jambo lisilotajwa kwenye matangazo, kampuni inajua wengi hawatalimaliza, na bei hupangwa kwa hesabu hiyo. Ondoa ukomo wa muda, na bei ya MB moja itapanda. Kenya, kampuni ya simu ya Safaricom ilileta bando lisiloisha muda mwaka 2019, na ya siku bado yanauzwa. Ukomo si wizi, mradi menyu iweke aina zote mbili, lenye ukomo na lisiloisha, pamoja, na bei ya MB moja ionekane.

Kanuni za TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, zilizoanza Aprili 2, 2021 hazikufuta ukomo. Zilitaka mteja apewe taarifa matumizi yakifika asilimia 75 na 100, aweze kuendelea na salio la bando akijiunga tena kabla muda haujaisha, na asikatwe nje ya bando bila ridhaa yake.

Hilo la mwisho ndilo zito. Bila kanuni hiyo, bando likiisha usiku huku data iko wazi, programu moja ikijisasisha kwa MB 200, tuseme kwa bei ya Sh 9.35 kila MB, asubuhi Sh 1,870 za vocha hazipo. Hapo mteja hakununua chochote.

Kuhusu "MB zinaibwa", mara nyingi kampuni husingiziwa. Kasi ya Mbps 10 (megabiti 10 kwa sekunde) hupimwa kwa biti, ila MB (megabaiti) ni za baiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo ni MB 1.25 kwa sekunde, na ukiitumia yote mfululizo GB 1 haifiki dakika 14. Mtandao ukiwa mzuri, video nayo hujipandishia ubora. Punguza ubora huo mwenyewe, na uzime masasisho ya kujiendesha.

Kampuni nazo zina deni: bando la "bila kikomo" mara nyingi huuzwa bila kueleza wazi kasi itashuka hadi ngapi, na baada ya GB ngapi. Namba hizo mbili zikae kwenye menyu, kabla ya mteja kubonyeza 1 kukubali.