Megapikseli 50 zinazotoa picha ya 12: ni hila au ni hesabu?

Boksi la simu limeandikwa megapikseli 50 kwa tarakimu kubwa kuliko jina la simu yenyewe. Mnunuzi anatoka nalo dukani Kariakoo au Luthuli, anapiga picha ya kwanza, kisha kwa udadisi anafungua maelezo ya faili na kukuta vipimo vya 4,080 kwa 3,072. Akizidisha anapata pikseli milioni 12.5, yaani robo ya alichoahidiwa. Wako wanaoliita jambo hili ujanja wa wauzaji, na wako mafundi wanaolitetea kuwa ni miongoni mwa mbinu bora zilizowahi kuingia kwenye kamera za simu. Kila upande una hoja, ila pande zote mbili hupenda kuruka hatua ileile: namna sensa, yaani kipande cha silikoni chenye pikseli kinachopokea mwanga ndani ya kamera, inavyosomwa.

Mwanga ukiingia kwenye pikseli, fotoni, yaani chembe za mwanga, huzalisha elektroni ndani ya silikoni. Muda wa picha ukiisha, kiasi cha elektroni zilizokusanyika hugeuzwa kuwa volti, volti hukuzwa, kisha huandikwa kama namba. Katika simu kazi hii hufanyika safu baada ya safu, ndiyo maana mapanga ya feni inayozunguka huonekana yamepinda pichani. Silikoni yenyewe haijui rangi. Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, ambaye hataza yake ilitolewa mwaka 1976, alipendekeza kila pikseli ivalishwe kichujio cha rangi moja, na katika kila pikseli nne mbili ziwe za kijani, moja nyekundu na moja ya bluu; rangi zinazokosekana hukadiriwa kutokana na majirani. Sony ilipotangaza sensa ya IMX586 mwaka 2018, yenye pikseli milioni 48 za upana wa mikroni 0.8 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), mpangilio huo ulipanuliwa: rangi moja ilifunika pikseli nne zinazopakana, mbili kwa mbili, ili zikiunganishwa zihesabiwe kama pikseli moja ya mikroni 1.6. Samsung ikaunganisha tisa kwenye Galaxy S20 Ultra ya mwaka 2020, na kumi na sita kwenye S23 Ultra ya 2023, ambayo megapikseli zake 200 hushuka hadi 12.5.

Matangazo husema kwamba kuunganisha huku kunaifanya kamera ione vizuri gizani. Hapo ndipo wapinzani wanapopata nguvu, kwa sababu pikseli nne ndogo zimekaa juu ya eneo lilelile ambalo lingekaliwa na pikseli moja kubwa, na mwanga unaoangukia eneo hilo hauongezeki kwa kuwa limegawanywa. Anayekumbuka vipimo vya zamani ataelewa haraka: vibaba vinne ni pishi moja, na mchele haukui kwa kupimwa kwa kibaba. Tena anayepima mara nne ana nafasi nne za kukosea, wakati wa pishi anayo moja.

Tuweke hesabu. Chukua sensa ambayo kila usomaji wake una kosa la kawaida la elektroni 2. Mchana, pikseli kubwa ikikusanya elektroni 400, mwanga wenyewe una mtikisiko wa asili wa elektroni 20, na kosa la kusoma karibu halionekani: jumla ya chenga, yaani mtikisiko na kosa la kusoma kwa pamoja, ni 20.1 kwa pikseli kubwa na 20.4 kwa nne ndogo zilizojumlishwa baada ya kusomwa. Tofauti hiyo hakuna jicho litakaloiona. Lakini gizani, eneo hilohilo likipata elektroni 16 tu, pikseli kubwa huwa na chenga za 4.5 na zile nne huwa na 5.7. Kwa hiyo pale hasa ambapo tangazo linajigamba, pikseli kubwa ndiyo iliyo mbele.

Watetezi watasema kwamba inategemea mahali pa kuunganishia, na wako sahihi. Katika sensa za CCD, aina ya zamani iliyotangulia zile za simu, zilizobuniwa na Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs mwaka 1969 na kuwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2009, chaji (elektroni zilizokusanywa) za pikseli jirani zinaweza kumiminwa pamoja kabla hazijafika kwenye kikuza, hivyo zikasomwa mara moja tu. Ni kama kumimina vibaba vinne ndani ya pishi kwanza, kisha kupima. Wanaastronomia wamefaidika na jambo hilo kwa miongo mingi. Sensa za CMOS, ambazo ndizo za simu, kwa kawaida huunganisha baada ya kusoma, ingawa baadhi ya zile za mpangilio mpya huzipa pikseli nne sehemu moja ya kukusanyia chaji, na hapo hasara ya kusoma mara nne hupungua sana. Hata hivyo kupungua kwa hasara si kuongezeka kwa faida: bora kabisa linaloweza kutokea ni kuifikia pikseli kubwa.

Je, mtu akilazimisha picha kamili ya megapikseli 50? Programu hulazimika kuzipanga upya rangi zilizokaa kwa mafungu ya nne ili zifanane na mpangilio wa Bayer, na hapo inakisia mengi. Lenzi nayo ina mpaka wake. Kwa uwazi wa f/1.8, yaani kipimo cha tundu la lenzi linalopitisha mwanga, nukta ya mwanga wa kijani haiwezi kukusanywa kwenye duara dogo kuliko takriban mikroni 2.4, upana wa pikseli tatu za mikroni 0.8. Undani unaopatikana upo, hasa kwenye jua kali, ila ni mdogo kuliko mara nne inayodokezwa na boksi.

Utetezi ninaoukubali hauhusu giza. Mpige picha bibi harusi aliyeketi mbele ya dirisha saa sita mchana: ukimfuata yeye, dirisha linakuwa jeupe tupu, ukifuata dirisha, uso wake unazama kwenye kivuli. Sensa ya mafungu ya nne inaweza kuzipa baadhi ya pikseli za kila fungu muda mrefu na nyingine muda mfupi, kwa tukio lilelile na sekunde ileile, kazi ambayo pikseli moja kubwa ingehitaji picha mbili kuifanya, na bibi harusi hatulii. Tena kuna kuvuta karibu: iPhone 14 Pro ya mwaka 2022 huchukua megapikseli 12 za katikati ya sensa yake ya 48 na kutoa picha ya mara mbili bila lenzi ya ziada. Na kwenye video, kuunganisha ni bora mno kuliko kuruka safu, yaani kuacha baadhi ya safu za pikseli bila kuzisoma, njia ya mkato iliyotumiwa na kamera za awali za video kama Canon 5D Mark II ya mwaka 2008, ambayo mistari myembamba ya kikoi ingeweza kuifanya izalishe mawimbi ya rangi yasiyokuwepo kitambaani.

Nokia 808 PureView ya mwaka 2012 hutajwa sana kama shahidi wa watetezi, kwa kuwa ilishusha megapikseli 41 hadi 5 na picha zake zikasifiwa duniani kote. Ushahidi huo mimi nausoma kinyume. Simu ile ilikuwa na sensa kubwa kupita kiasi kwa wakati wake, na mgongo uliovimba ili kuihifadhi. Eneo ndilo lililokusanya mwanga. Ukubwa wa sensa, ambao ungemsaidia mnunuzi kuliko tarakimu nyingine yoyote, mara nyingi haupo kwenye boksi kabisa.

Google ilipotoa Pixel 6 mwaka 2021 iliiwekea sensa ya megapikseli 50, kubwa kwa eneo kuliko za simu zake zilizotangulia, lakini haikumpa mtumiaji njia yoyote ya kupiga picha ya megapikseli 50 kwa kamera ya simu hiyo. Alipata 12.5, mchana na usiku.