Chipu isiyo na maandishi

Nina kopo la maziwa ya unga ninalowekea chipu na bodi zilizonishinda. Baadhi zilikufa kwa umeme niliouunganisha vibaya mwenyewe. Lakini zipo nyingine, kama saba hivi, ambazo hazina ubovu wowote. Ni nzima kabisa, ila hakuna mahali palipoandikwa zinavyofanya kazi. Waliozitengeneza waliziuza, wakanyamaza. Hizo huniuma kuliko zilizoungua, kwa sababu iliyoungua angalau ilinifundisha kitu.

Kwa hiyo nikiulizwa kampuni ya maikrokontrola, yaani chipu ndogo zenye kompyuta ndani zinazoendesha vifaa, imsaidieje mtundu wa elektroniki, yule anayejifunza mwenyewe usiku akishatoka kazini, sianzi na bei. Sianzi pia na bodi za bure zinazogawiwa kwenye maonyesho, ingawa nikipewa nitapokea kwa mikono miwili. Naanza na maandishi. Kampuni imwandikie mtu huyo chipu inafanya nini, haifanyi nini, na wapi walikosea wakati wa kuitengeneza. Akishapata hayo, mengine atayatafuta mwenyewe.

Nitaizungumzia zaidi Espressif, kwa sababu bodi zake ndizo zimejaa mezani kwangu hapa Morogoro, na kwa sababu imepita njia yote, kutoka kwenye ukimya hadi kwenye kuandika.

Ni kampuni ya Shanghai, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Teo Swee Ann, mhandisi kutoka Singapore. Mwanzoni mwa 2014 watundu wengi hawakuwa wamewahi kuisikia. Agosti ya mwaka huo ikaanza kuonekana kibodi kidogo chenye pini nane, ESP-01, kilichotengenezwa na Ai-Thinker kwa kutumia chipu ya Espressif iitwayo ESP8266. Kiliuzwa kwa takriban dola 5. Wakati huo ukitaka Arduino yako, ile bodi ya kujifunzia ya watundu, iingie kwenye Wi-Fi ulitafuta bodi ya ziada ya makumi ya dola, fedha ambayo kwa mwanafunzi wa hapa kwetu ni karo. Watu wakanunua ESP-01 kwa fujo, kisha wakagundua kwamba maelezo yake yote yalikuwa kwa Kichina.

Kilichofuata nakipenda sana. Watu wasiojuana, kila mmoja katika nchi yake, wakaanza kuyatafsiri ukurasa kwa ukurasa. Chipu hiyo ilikusudiwa iwe modemu tu: unaitumia amri zinazoanza na herufi AT, inakujibu OK. Waliokuwa wakisoma kwa makini wakaona kwamba ndani mna prosesa ya Tensilica ya biti 32, inayokwenda megahezi 80, na inayoweza kuandikiwa programu. Arduino iliyokuwa ikiipa amri ilikuwa na prosesa ya biti 8 na megahezi 16. Msaidizi alikuwa na nguvu kuliko bosi wake.

Kampuni nyingine ingeweza kuudhika kuona wateja wanachokonoa bidhaa kuliko walivyoruhusiwa. Espressif ilifungua. Oktoba 2014 ikatoa zana za kuiandikia chipu programu. Watundu wakaileta GCC, kompaila huria (programu inayogeuza maandishi ya programu kuwa lugha ya mashine), na mwaka 2015 ikawezekana kuiandikia ESP8266 kwa zana zilezile za Arduino ambazo watoto wa shule tayari walikuwa wanazijua. Ivan Grokhotkov, aliyebeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, akaajiriwa na Espressif. Jeroen Domburg, Mholanzi ambaye watundu wanamfahamu zaidi kwa jina la Sprite_tm, naye akachukuliwa.

Hapo ndipo nadhani kampuni ilifanya uamuzi wake bora kuliko wote. Anayeandika maelezo ya chipu akiwa hajawahi kukwama nayo usiku wa manane, huandika kana kwamba msomaji ameshajua nusu ya jambo. Aliyewahi kukwama anajua hasa ni wapi mtu atajikwaa, na ataweka onyo pale pale. Maelezo ya ESP32, chipu iliyotoka Septemba 2016 ikiwa na prosesa mbili za hadi megahezi 240, kumbukumbu ya kilobaiti 520, Wi-Fi na Bluetooth, yanasomeka hivyo. Zana zake kuu, ESP-IDF, ziliwekwa GitHub, tovuti ya kuweka na kushirikiana msimbo, kwa leseni ya Apache 2.0. Yeyote anaweza kuzisoma, kuzinakili, kuzibadili na kuziuza ndani ya bidhaa yake. Ukiona kosa unaliripoti hadharani, na mjadala wenu unabaki pale kwa ajili ya atakayekuja na tatizo hilohilo miaka mitatu baadaye.

Mimi mwenyewe niliokolewa na onyo la aina hiyo. Shangazi yangu ana bustani ya mchicha, nikamtengenezea kifaa cha kupima unyevu wa udongo na kumpelekea taarifa kwenye simu. Sensa nikaiunganisha pini namba 4. Mezani ilisoma vizuri kabisa. Nikaongeza sehemu ya Wi-Fi, vipimo vikapotea. Nikabadilisha sensa, nikabadilisha waya, nikachomelea upya kwa risasi mpya. Siku mbili zikaisha. Usiku wa siku ya pili nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, nikafungua maelezo: ESP32 ina vipima-volti viwili, ADC1 na ADC2, na ADC2 hutumiwa na Wi-Fi yenyewe, kwa hiyo Wi-Fi ikiwaka pini zake huwezi kuzitegemea. Pini 4 iko upande wa ADC2. Nikahamisha waya mmoja hadi pini 34, ambayo ni ya ADC1, na kazi ikaisha kabla chai haijapoa.

Sentensi ile moja ilikuwa na thamani kwangu kuliko punguzo lolote la bei. Na mtu fulani aliamua kuiandika, ingawa inaonyesha upungufu wa bidhaa ya kampuni inayomlipa mshahara.

Kukiri ni sehemu ngumu zaidi ya kuandika. Mwaka 2019 mtafiti mmoja alionyesha kwamba ukiuyumbisha umeme wa ESP32 kwa ustadi, kwa muda mfupi sana na wakati hasa unaotakiwa, unaweza kupita ulinzi wake na kusoma funguo za siri zilizochomwa ndani. Hakuna programu inayoweza kuponya kidonda cha namna hiyo kwenye chipu iliyokwisha kuuzwa. Espressif ilitoa taarifa hadharani, ikaeleza ni nini kimeathirika, kisha ikatoa toleo jipya la chipu lililoimarishwa. Aliyekuwa anatengeneza kufuli za milango alijua mapema ahame.

Linganisha na kilichotokea Machi 2025. Watafiti wa Tarlogic, kampuni ya usalama ya Hispania, walitangaza kwamba wamekuta ndani ya ESP32 amri 29 za Bluetooth zisizoandikwa popote. Mwanzoni waliziita mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kifaa, na habari ikasambaa duniani kwa siku mbili. Baadaye walilegeza neno hilo. Espressif ikaeleza kwamba ni amri za ndani za kufanyia majaribio, kwamba haziwezi kuamshwa kwa mbali kupitia Bluetooth au intaneti, na kwamba itatoa marekebisho ya programu ya kuzizuia na kuziandikia maelezo. Nimesoma maelezo hayo na yameniridhisha. Lakini hofu yote ile ilitoka wapi? Ilitoka kwenye mambo 29 ambayo hayakuandikwa. Yangekuwa kwenye jedwali fulani katika ukurasa fulani tangu 2016, hata kama hakuna anayeusoma, pasingekuwa na habari ya kutangaza. Wiki ile nilipigiwa simu na wateja wawili wakiniuliza kama niondoe bodi zangu kwenye mashine zao za kutotolea vifaranga. Niliwajibu kwa saa nzima kila mmoja.

Kwa upande huo naona Waingereza wa Raspberry Pi wamekwenda mbele zaidi. RP2040, maikrokontrola yao ya kwanza, ilitoka Januari 2021 kwenye bodi ya Pico ya dola 4, na siku hiyohiyo datashiti, yaani kitabu cha maelezo ya chipu, ya zaidi ya kurasa 600 ilikuwa wazi kwa kila mtu, bila kujisajili wala kutia saini ya kutunza siri. Waliahidi pia kuendelea kuitengeneza angalau hadi Januari 2041. Ahadi hiyo mtu asiyewahi kutengeneza kitu cha kuuza anaweza kuiona ndogo. Ukiwa umechora bodi yako, ukalipia kuchapishwa, ukaweka mashine kwa wateja kumi, kisha chipu ikaondolewa sokoni, ndipo unapojua uzito wake.

Chipu yao ya pili, RP2350, ilitoka Agosti 2024 ikiwa na kasoro. Pini ikiwa ya kuingiza, na rezista (kipande cha kuzuia umeme) ya ndani ya kuivuta chini ikiwa imewashwa, inaweza kung'ang'ania karibu volti 2.2 badala ya kushuka hadi sifuri. Watumiaji waligundua tatizo hilo mapema. Kampuni ikaliingiza kwenye datashiti kwa namba, E9, pamoja na dawa: weka rezista ya nje isiyozidi kiloomu 8.2. Mwaka 2025 likatoka toleo lililorekebishwa. Tena waliweka zawadi kwa atakayeweza kutoa siri iliyofichwa ndani ya chipu hiyo, wakaipandisha hadi dola 20,000, na Januari 2025 walipopata njia nne halali, kila mshindi alilipwa zawadi kamili. Kisha njia zote nne wakazieleza hadharani. Mimi nilizisoma kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Nimejifunza usalama wa chipu kutokana na kampuni iliyolipa watu wavunje chipu yake, na sidhani kama kuna darasa ningeweza kumudu ambalo lingenifundisha zaidi.

Najua wapo watakaosema kampuni hizi zinafanya biashara, hazitupendi. Ni kweli zinafanya biashara. Januari 2018 Espressif ilitangaza kwamba imeshasafirisha chipu milioni 100, na Septemba 2023 bilioni moja. Watundu kama mimi hatujanunua bilioni moja. Nyingi zimo kwenye taa, soketi na majokofu. Lakini anayechagua chipu ya kuweka kwenye soketi mara nyingi ni mhandisi aliyeanza na bodi ya bei rahisi chumbani kwake, na atachagua ile aliyokwisha kuielewa. Faida hiyo wameipata kwa haki. Sina kinyongo nayo hata kidogo.

Nina dai moja kwa Espressif, na nalisema kwa sababu nawaheshimu. Sehemu ya Wi-Fi ya ESP32 bado inatolewa ikiwa imeshakompailiwa. Unaipokea kama mtungi uliozibwa. Unaitumia, hujui kilichomo. Naelewa kwamba redio zina sheria, na kwamba huenda kuna vipande ambavyo haki yake si ya kampuni peke yake. Hata hivyo maelezo ya rejista za redio, vile visehemu vya kumbukumbu vinavyoiongoza, yanaweza kuandikwa bila kutoa msimbo wote. Tangu 2023 kuna watu wanaoifumbua sehemu hiyo wenyewe, rejista moja baada ya nyingine, kwa kuangalia mashine inavyotenda, ili waiandikie Wi-Fi iliyo huria. Ni kazi ileile ya mwaka 2014 ya kutafsiri kurasa. Espressif ilishawahi kuona watu wa aina hii wakihangaika mlangoni, ikawafungulia na kuwapa viti. Iwafungulie na hawa.

Lipo na suala la lugha, na hili siwatupii wao. Maelezo ya ESP-IDF yako kwa Kiingereza na Kichina. Jumamosi hunijia vijana watano au sita wa sekondari, na wote wanaweza kusoma Kiingereza cha mtihani, lakini sentensi ya datashiti yenye masharti matatu ndani yake huwapita. Siwezi kumdai mtu wa Shanghai aandike Kiswahili. Kazi hiyo ni yetu, na leseni yao inaturuhusu.

Mimi nimeanza na karatasi moja, nimeibandika ukutani juu ya meza. Imeandikwa: bodi ya kawaida ya ESP32, pini 6 hadi 11 usiguse, zinatumiwa na kumbukumbu ya programu. Pini 12 isiwe juu (na volti) wakati bodi inawaka, la sivyo haitawaka. Pini 34 hadi 39 zinaingiza tu, hazitoi. Ukiwasha Wi-Fi, pima volti kwa pini 32 hadi 39 peke yake.

Jumamosi iliyopita kijana wa kidato cha pili aliisoma yote, akaniuliza, "Mwalimu, na pini 0 mbona haipo?" Tukafungua maelezo pamoja, tukaitafuta: ikiwa chini wakati wa kuwaka, bodi inaingia katika hali ya kupokea programu mpya. Nikampa kalamu, akaongeza mstari wa tano kwa mwandiko wake.