Maharage ya Goma

Jamani, nani atanijibu swali hili: kwa nini maharage ya mji huu hayaivi? Sufuria inakaa kwenye mbabula, jiko letu la makala (makaa), tangu asubuhi, saa nane mchana unaonja punje moja, inalia "ka!" kwenye meno. Makala nayo yanaisha huku unayatazama.

Mama watoto analaumu makala, eti mabichi. Muuza makala analaumu maharage. Yule mama wa soko la Virunga aliyeniuzia maharage analaumu, samahani, mke wangu. Nilipofikisha ujumbe huo nyumbani, siku hiyo tulikula ugali na chumvi.

Ndipo kijana wangu wa sekondari akaingilia: "Papa, hakuna wa kulaumiwa. Ni mji uko juu." Eti Goma iko karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na huku juu hewa inakandamiza maji kidogo kuliko pwani. Basi maji yanachemka mapema, kwenye digrii 95 hivi, hayangoji 100. Yakishachemka hayaongezi joto tena, upulize mbabula mpaka mashavu yapasuke. Makala unayoongeza yanatoa mvuke tu.

Yaani miaka yote hii nanunua mvuke!

Nikambana: digrii tano tu ndizo zinanifilisi? Akasema ndizo, na tena maharage yakikaa ghalani muda mrefu, penye joto na unyevu, yanazidi kuwa magumu. Nikamkumbuka yule mama wa soko na mdomo wake.

Kinachoniuma ni hapa tulipo. Ziwa Kivu chini limejaa methani, gesi inayowaka, mita za ujazo kama bilioni 60. Ng'ambo, Karongi, Rwanda wanaivuta na kuzalisha umeme tangu 2016, megawati 26. Mimi niko ufukweni na macho mekundu kwa moshi. Kaskazini kuna volkano ya Nyiragongo, moto wa kuyeyusha mawe. Nikasema afadhali nipike huko juu, mtoto akacheka: kileleni, mita 3,470, maji yanachemka hata kabla ya digrii 90. Huko maharage utayarithisha wajukuu.

Dawa anazo, msomi wetu. Loweka usiku kucha. Sawa, kwa maji gani? Bomba la mtaa wetu linakohoa tu, bidoni ya maji inakuja kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, na mwenye chukudu anataka pesa yake. Tia bikarbonati kidogo, ngozi ya maharage inalainika. Tulitia, ladha ikawa ya sabuni. Mwisho akataja sufuria ya presha: inafungwa, mvuke unabanwa ndani, joto linapanda mpaka karibu digrii 120, maharage yanasalimu amri.

Nikauza redio, nikainunua. Nakiri, inafanya kazi. Ila ilipopiga filimbi mara ya kwanza, mama mkwe alitoka jikoni mbio na kitenge mkononi, mpaka leo anakula kwa jirani. Mama huyu ameona Nyiragongo ikimwaga moto 1977, 2002 na 2021, na kila mara alirudi kujenga palepale. Kwa sufuria yangu anasema hapana, hiyo italipuka.